Nimeenda Majengo Kugombana na Jirani Yangu wa Kwenye Seva

Leo nimejidhalilisha. Sizungushi maneno. Nimejidhalilisha mchana kweupe, Majengo, mbele ya wagonjwa wasiopungua kumi na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa, nivumilieni.

Kwa wasionijua: mimi ni Apolonia wa Kilema. Mimi na mama tunapokea wageni nyumbani. Mgeni anafika, tunamtembeza kihambani, kwenye migomba na mibuni yetu. Anachuma kahawa, anaimenya, anaikaanga, anaitwanga, anainywa. Anakula mtori wa mama, supu nzito ya ndizi za kupondwa na nyama. Anaondoka analia. (Wengine wanalia kwa sababu ya moshi wa jikoni, lakini kwenye picha huwezi kujua tofauti.)

Wageni hawa walikuwa wanatupata kwa njia moja tu. Mtu yuko kwao huko mbali, anaandika kwenye simu kwamba anatafuta matembezi ya kahawa Kilimanjaro, sisi tunatokea ukurasa wa kwanza. Wa tatu kutoka juu! Na tovuti hiyo nimeijenga mwenyewe, kwa kuangalia video, bila msaada wa mtu yeyote. (Hilo nimelisema kila mahali. Nimelisema hata kwenye harusi ya binamu yangu, nilipopewa kipaza sauti niwatakie maharusi heri.)

Halafu miezi mitano iliyopita tukapotea. Sisemi tulishuka. Tulipotea! Unafungua ukurasa wa kwanza, hatupo. Wa pili, hatupo. Nimekwenda hadi ukurasa wa kumi na nne, nimekuta mtu anauza trekta Brazili, sisi hatupo.

Na kwetu hili si jambo dogo. Baba alipofariki, mama alikaa karibu mwaka mzima akitazama ukuta. Wageni ndio waliomnyanyua. Alianza tena kuvaa vizuri. Alianza kubishana na Wajerumani kuhusu namna ya kukaanga kahawa, yeye kwa Kichagga, wao kwa Kijerumani, na akawa anashinda. Sasa wageni hakuna. Kaka yangu Deo, aliyeko Dar, anasema kama kazi imekufa basi mama ahamie kwake, ghorofa ya nne, akae na televisheni. Mama hajakataa. Ila juzi nimemkuta anagawa kuku wake kwa majirani.

Ndiyo maana leo niliamka nikiwa tayari nimekasirika. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kumshushia.

Saa moja asubuhi nikampata. Kwenye grupu letu la watu wa utalii kuna mmoja tunamwita Mtaalamu. (Hakuna anayejua ni mtaalamu wa nini.) Akaandika: "Nyie mnaolia kwamba hamuonekani mtandaoni, angalieni mnakaa na nani kwenye seva. Jirani mchafu anakuchafua na wewe." Akaweka na mahali pa kuangalia.

Niwaeleze kidogo wasiojua. Tovuti ni mafaili, na mafaili lazima yakae kwenye kompyuta fulani isiyozimwa. Hiyo ndiyo seva. Sisi wenye biashara ndogo hatuna seva zetu, tunawekwa wengi kwenye moja na kampuni inayotupangisha. Kampuni yangu ina ofisi hapo Moshi mjini. Siku zote nilijua nina majirani. Sikuwahi kujiuliza ni kina nani.

Nikaweka jina la tovuti yangu. Ikaja orodha.

Wa kwanza, mtu anayetoa mikeka ya kubeti. Nikavuta pumzi. Wa pili, mapambo ya harusi. Sawa. Wa tatu, matairi. Sawa. Wa nne: "Tiba Asili za Mzee Shabani, Majengo, Moshi. Figo, tumbo, mgongo, nguvu za kiume."

Nguvu za kiume!

Jamani, ukurasa wangu wa mbele una picha ya mama yangu mzazi na rozari shingoni! Kumbe miezi yote hii mama na rozari yake wanalala chumba kimoja na nguvu za kiume! Ndiyo maana! Kila kitu kikajieleza. Sikumaliza hata chai.

Nilishuka Moshi kwenye gari la jirani linalopeleka ndizi sokoni. Njia nzima nilimweleza dereva maana ya seva, hadi akawasha redio.

Ofisi ya kampuni iko juu, unapanda ngazi. Kaunta alikuwepo Bwana Elibariki, mtu mzima, ana miwani na sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Habari za asubuhi, dada. Karibu uketi."

"Siketi! Nimekuja unihamishe. Leo hii."

"Uhame kutoka wapi?"

"Kwenye seva ya waganga!"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaangalia kwenye kompyuta yake. "Aa. Mzee Shabani. Ni mteja wetu wa siku nyingi. Amekukosea nini?"

"Amenipoteza! Mtambo wa kutafuta mtandaoni ukiniona niko naye unadhani na mimi ni tapeli!"

"Hapana, dada. Hebu sikiliza. Seva ya kuchangia ni kama jengo la wapangaji. Jirani akijaza watu wake kwenye korido, kupita kunakuwa kugumu, na hapo kweli unaumia. Seva ikiwa nzito, au ikizimika kila mara, itakushusha. Lakini ya kwako nimeifungua sasa hivi, imefunguka upesi. Anayekutafuta anasoma jina lililoandikwa mlangoni kwako. Hajali nani anakaa mlango wa pili."

"Mtaalamu amesema anajali."

"Mtaalamu gani?"

"Mtaalamu!"

(Hapa nilianza kusikia jinsi ninavyosikika. Lakini nilikuwa nimetoka Kilema bila kumaliza chai. Siwezi kurudi bure.)

Bwana Elibariki hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema taratibu, "Basi niruhusu niangalie mipangilio ya tovuti yako. Dakika moja tu. Pengine kuna kitu kidogo humo ndani."

Ndugu zangu, msomeni huyu mtu tena. Dakika moja tu. Alisema hivyo kwa mdomo wake, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Nikampigia kaunta kwa kiganja.

"Mipangilio yangu usiiguse! Mipangilio yangu haina kosa! Nimeipanga mwenyewe!"

"Sawa, dada."

"Usiniambie sawa!"

Nikashuka ngazi kwa kishindo. Nikasimama kivulini, nikafungua ukurasa wangu wa biashara kwenye mtandao wa kijamii, nikaandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho: "MSIWEKE TOVUTI ZENU KWENYE KAMPUNI HII. WANAWACHANGANYA WATU WA MUNGU NA WAGANGA." Nikaweka na picha ya mlango wao. Nikajisikia vizuri sana. Kwa dakika kama nne hivi.

Halafu nikajiambia, Apolonia, umepiga kelele kwa mwenye nyumba. Mpangaji mwenyewe je?

Kutoka pale hadi Majengo nilitembea kwa miguu, nikifanya mazoezi ya maneno. Watu walinipisha. Kuna mama alimvuta mtoto wake karibu.

Nilitegemea kukuta kibanda cha nyasi na pembe za mbuzi. Nikakuta nyumba nyeupe, safi kuliko zahanati nyingi ninazozijua, baraza limepigwa deki, mabenchi yamejaa watu, televisheni kubwa ukutani inaonyesha picha za mizizi na majani. Mezani, mbele ya kompyuta, amekaa dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, amevaa hijabu ya bluu. Kabla sijafungua mdomo akanipa kikadi.

"Karibu, dada. Wewe ni namba kumi na mbili."

"Sikuja kutibiwa!"

"Sawa. Wengi husema hivyo siku ya kwanza. Kaa hapo, babu ataita."

Nikakaa! Sijui kwa nini. Mtu akipewa namba anakaa, ndivyo tulivyolelewa. Nikabanwa kwenye benchi, pembeni ya mwanamke aliyejifunika kitenge kuanzia kichwani hadi puani. Yalikuwa yanaonekana macho tu, na viatu.

Viatu vile nilivijua. Nilikuwa nimevitazama wiki mbili zilizopita, nimeinamisha kichwa, wakati mwenye navyo anatuonya jumuiya nzima kwamba Mkristo anayekwenda kwa waganga anafungua mlango asioweza kuufunga. Mama Felista. Mwenyekiti wetu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema. Ilitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Milele amina," kitenge kikajibu.

Baada ya hapo sote wawili tukaangalia mizizi kwenye televisheni kama watu wanaofuatilia taarifa ya habari.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka mzee mrefu, kofia nyeupe, ndevu nyeupe, kanzu imenyooka. Mimi juu!

"Wewe ndiye Shabani?"

Baraza zima likageuza shingo. Bibi mmoja mwenye bandeji gotini akasema "Hee!" Hata mimi nilisikia nilichokisema. Huyu mtu ana umri wa babu yangu. Ulimi ukajirekebisha wenyewe, sikuuambia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watokea wapi?"

"Kilema."

"Oo, Kilema. Wazazi hawajambo?"

"Baba alifariki."

"Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu. Na mama?"

"Yupo."

"Alhamdulillahi. Mvua mmepata huko juu?"

"Tumepata kidogo."

(Jaribuni siku moja kumgombeza mtu ambaye mmeshaongea habari za mvua. Hasira inakosa mahali pa kushika. Inateleza.)

Nikaona nikiendelea hivi nitaondoka hapa na chupa ya dawa na shukrani. Nikafumba macho, nikalipuka.

"Mzee, mimi sionekani!"

"Huonekani?"

"Sionekani! Zamani nilikuwa naonekana vizuri! Watu wanakuja wenyewe, Wajerumani, Waholanzi, kila wiki! Sasa miezi mitano hakuna hata mmoja anayeniona! Na ni kwa sababu yako!"

Yule bibi wa bandeji akanigeukia kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu. Na mume naye hakuoni?"

"Sina mume! Sizungumzii mume!"

"Ndivyo inavyoanza," bibi akamwambia wa pembeni yake. "Wamemfunika nyota."

"Hakuna nyota! Nazungumzia tovuti!"

"Tovuti ndiyo nani?"

Chini yangu kitenge cha Mama Felista kilianza kutikisika. Sikujua ni kwa sala au kwa nini.

Mzee Shabani akainua mkono, watu wakatulia. "Mambo ya mitandao mimi siyajui. Huyu mjukuu wangu ndiye aliyenitengenezea. Zuhura, hebu msikilize dada yako."

Zuhura ndiye yule wa hijabu ya bluu. Akanisikiliza hadi mwisho, ameegemeza kidevu mkononi, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo dada, unasema tovuti ya babu inaichafua ya kwako kwa sababu ziko kwenye seva moja."

"Ndiyo!"

"Na seva hiyo ndiyo inayokufanya usionekane."

"Hasa!"

"Haya, tuangalie."

Akageukia kompyuta. Sasa, kompyuta ile imeunganishwa na televisheni ya ukutani. Mizizi ikaondoka. Badala yake ukaja ukurasa wa kutafutia, mkubwa kama shuka, watu wote wanauona. Zuhura akaandika: tiba asili Moshi.

Akatokea Mzee Shabani. Wa kwanza. Juu kabisa. Na picha yake, anatabasamu, na nyota tano za watu waliopona matumbo.

Mabenchi yakapiga makofi.

"Babu ni wa kwanza," Zuhura akasema kwa upole. "Na seva ni ile ile."

Mtu mwenye akili angeaga hapo. Mimi nikasema, "Labda mnatumia dawa."

(Sijui. Msiniulize. Mdomo ulienda peke yake.)

Mzee Shabani akacheka hadi akashika ukingo wa mlango. "Mwanangu, mimi natibu matumbo na migongo kwa mitishamba. Dawa ya mtandao ningekuwa nayo, nisingekuwa nachuma majani jua kali."

"Nipe jina la tovuti yako," Zuhura akasema.

Nikampa. Akaifungua. Mama yangu akajaa kwenye televisheni, na rozari yake na tabasamu lake. "Mama mzuri," bibi wa bandeji akasema, na wengine wakaitikia. Ilifunguka upesi, kama Bwana Elibariki alivyosema. Nilitamani ichelewe, japo kidogo, niwe na la kushika.

Zuhura akafungua yale maandishi yaliyojificha nyuma ya ukurasa, ambayo mtembeleaji hayaoni ila mitambo inayasoma. Akashuka nayo polepole. Akasimama kwenye mstari mmoja. Akakohoa.

"Dada. Hapa kuna mstari unaiambia mitambo ya kutafuta isiorodheshe tovuti hii."

"Unaona! Nilijua! Ni ile kampuni!"

"Hauwekwi na kampuni. Unawekwa kutoka ndani, na mwenye neno la siri. Nani mwingine analo neno lako la siri?"

"Hakuna! Mimi peke yangu! Kaka yangu mwenyewe sijampa!"

Nililisema hilo kwa majivuno. Kifua mbele. Bado nilikuwa sijaelewa! Baraza lote lilikuwa limeshaelewa, mimi bado.

Akanisogezea kompyuta niingie mwenyewe. Nikaingia. Akanielekeza: bonyeza mipangilio, hapana, hiyo nyingine, shuka, shuka tena, hapo. Kukawa na kisanduku kidogo. Ndani ya kisanduku kuna tiki.

"Soma kwa sauti, mjukuu," bibi akasema. "Wengine macho hayafiki huko."

Zuhura akaniangalia kama anayeomba ruhusa. Sikutoa, ila akasoma. "Zuia mitambo ya kutafuta isiorodheshe tovuti hii."

Hapo nikakumbuka. Yote, mara moja, kama kumwagiwa maji. Miezi mitano iliyopita nilikuwa nabadilisha picha za ukurasa wa mbele. Sikutaka watu waone kazi ambayo haijaisha. Nikakiona hicho kisanduku, nikasema wacha nikitiki, nikimaliza nitakitoa. Umeme ukakatika. Uliporudi nikaendelea na picha, nikamaliza, nikazifurahia, nikaenda kumwonyesha mama. Kisanduku nikakisahau. (Na kuanzia siku hiyo, kila nikifungua tovuti, kulikuwa na maandishi madogo juu yananikumbusha. Nilidhani ni matangazo.)

Nikaanza kuangalia mlango. Ila bibi wa bandeji ni mtu anayependa kufika mwisho wa jambo.

"Subirini kwanza. Kwa hiyo hakuna mtu aliyemfunga?"

"Hakuna, bibi," Zuhura akasema.

"Amejifunga mwenyewe?"

"Amejifunga mwenyewe."

Jamani.

Jamani, baraza lile! Kuna baba alikuwa amekuja kwa ajili ya mgongo, alikuwa anacheka huku anapiga kelele "Mnaniua, mnaniua!" Kuna mwingine aliteleza kwenye benchi akakaa chini kabisa. Mzee Shabani alijitahidi kujizuia, Mungu ambariki, akageukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona. Na Mama Felista alitikisika hadi kitenge kikamtoka kichwani, kikaanguka mabegani, akabaki wazi, anacheka, meno yote nje. Ndipo akakumbuka yuko wapi. Tukatazamana. Akakiokota kitenge taratibu, akakirudisha.

Zuhura akatoa tiki. Klik moja! Miezi mitano ya mama kukaa kimya, klik moja! Kisha akanionyesha namna ya kuuarifu mtambo wa kutafuta kwamba urudi kuniangalia upya.

"Nitarudi lini mahali pangu?"

"Siku kadhaa. Pengine wiki kadhaa. Na si lazima urudi wa tatu moja kwa moja, itategemea."

"Wiki kadhaa! Kupotea ni tiki moja, kurudi ni wiki kadhaa! Huu ni upuuzi gani?"

(Ndiyo. Nilimfokea. Mtu pekee aliyenisaidia siku nzima, nilimfokea.)

Hakunijibu vibaya. Akanipa glasi ya maji. Nikanywa nikiwa nimesimama, maana kwenye benchi sikuweza kurudi tena. Bibi akanivuta sketi.

"Mwanangu, hiyo kahawa kwenu, mnapokea na sisi watu wa hapa mjini, au mpaka mtu awe Mjerumani?"

Nikamwangalia. Miaka yote hii hakuna mtu wa Moshi aliyewahi kuniuliza hivyo. Na mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote wa Moshi aje. Kuna ndugu zetu wanaishi chini ya mlima huu maisha yao yote na hawajawahi kuchuma kahawa.

"Tunapokea," nikasema.

"Basi Jumapili," akasema. "Goti likiruhusu."

"Na mimi nitakuja na wajukuu," Mzee Shabani akasema. "Nyama ya mtori nitaileta mwenyewe, mkae na amani."

Nikatoka. Mlangoni nikakutana na Mama Felista, naye anatoka, hajasubiri zamu yake.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya goti," akasema.

"Mimi nilikuja kwa ajili ya tovuti."

Akakaza kitenge kichwani. "Ndiyo," akasema. "Tuseme hivyo."

Sasa kuna Bwana Elibariki. Nilifungua simu nifute lile tangazo langu kabla hajaliona. Nimechelewa. Majibu yalikuwa yamejaa. Watu wananipa pole nisiyoistahili, wengine wanaomba anwani ya mganga. Kuna mmoja alishaandika kwamba hata yeye seva za Moshi zilimletea majini. Nikafuta. Nikapanda zile ngazi tena, safari hii polepole, nikishika ukuta. Nikaomba radhi kwa sauti ya chini.

"Ni kile kisanduku cha kuzuia kuorodheshwa?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Wanakisahau wengi, dada. Ndiyo maana niliomba dakika moja."

Halafu akatabasamu, akasema karibu tena. Karibu tena! Bora angenitukana! Mtu ukimkosea, akikutukana, mnakuwa sawa. Huyu amenirudisha Kilema na deni la matusi.

Nikaandika kwenye grupu, kwa hasira, nikamweleza Mtaalamu kilichotokea kwa sababu ya ushauri wake. Mnajua alijibu nini? "Nilisema muwaangalie majirani zenu. Si umewaangalia, wakakusaidia?" Na watu wakampongeza! Nimetoka kwenye grupu. Nimerudishwa. Nimetoka tena.

Nimefika nyumbani jua linaelekea kuzama. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono kiunoni, maana asubuhi nilimwachia ahadi kwamba leo nakwenda kumkamata mbaya wetu.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akafikiri. "Ulimfokea?"

"Nani?"

"Huyo."

Nikamweleza tu kwamba Jumapili kuna watu wanakuja, wa Moshi, bibi mmoja, mzee mmoja na wajukuu zake, na pengine baba mmoja wa mgongo. Mama akasimama wima. Sijamwona amesimama hivyo tangu wale wageni wa mwisho waondoke.

"Huyo bibi ana meno?" akauliza. "Maana kama hana, ndizi nitazipondaponda zaidi." Akaingia jikoni, akaanza kulalamika kwamba kuni ni chache, sufuria kubwa imewekwa wapi, na kwa nini siku zote mimi namwambia mambo dakika za mwisho. Kaka amepiga simu katikati ya hayo. Mama amemwambia ana kazi, apige wiki ijayo.

Nami nimekaa hapa nawaandikia. Sijapoa. Hasira ninayo bado, tele, na sauti imebaki ya kutosha. Shida ni kwamba mtu wa kumgombeza amekaa kwenye kiti changu, amevaa nguo zangu, na anawaomba msicheke.